Coccinelle ya dirisha la yai: kuitafuta Lubumbashi, na kuiacha ilivyo ukiipata

Mimi ni tolie. Kazi yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, ni kunyoosha mabati ya Noah, Ist na Fuso zilizogonga nguzo, na pesa ya kula inatoka huko. Lakini watu wanajua kwamba napenda Volkswagen za zamani, hasa Coccinelle, ile ya mgongo wa duara ambayo wengine huiita Beetle, basi kila mara ananipigia simu kijana fulani aliyepata pesa kidogo kwenye migodi: "Papa, nataka Coccinelle ya kizamani, safi, irudi kama mpya." Namwambia aamue kwanza. Anataka ya kizamani, au anataka kama mpya? Hayo mawili yanapigana, na hapa kwetu anayeshinda kwa kawaida ni kopo la rangi.

Haya ninayoandika ni ya yule anayetaka ya kizamani. Nitasema hasa juu ya ile yenye dirisha dogo la nyuma lenye umbo la yai, kwa sababu ndiyo adimu na ndiyo niliyo nayo mwenyewe.

Ujue unatafuta nini

Coccinelle kwa jumla si adimu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003. Adimu ni za miaka fulani. Hadi Machi 1953 kioo cha nyuma kilikuwa vipande viwili vilivyotenganishwa na bati katikati. Kuanzia hapo hadi Julai 1957 kikawa kimoja, kidogo, cha yai. Agosti 1957 wakaweka kioo kikubwa cha pembe nne, na hicho ndicho ambacho wengi wetu tulikulia tukikiona. Kwa hiyo dirisha la yai ni la miaka minne na kitu tu, na hiyo ni miaka ambayo mji huu bado uliitwa Élisabethville.

Zilifika kwa njia mbili. Moja ni Ubelgiji: kampuni ya D'Ieteren ilikuwa ikiunganisha Coccinelle Brussels tangu 1954, na hizo zina usukani wa kushoto. Nyingine ni kusini: kiwanda cha Uitenhage, Afrika Kusini, kilianza kuziunganisha 1951, usukani wa kulia, na baadhi zilipanda kupitia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Basi ukisikia habari ya gari, swali la kwanza si rangi wala bei. Uliza usukani uko upande gani. Ukiambiwa kushoto, ukafika ukakuta upande wa kulia wa ukuta wa mbele kuna matundu yaliyozibwa kwa bati, hilo limehamishwa usukani hapa nyumbani. Si dhambi, ila usilipe bei ya gari lisiloguswa.

Mahali pa kutafuta

Usianze kwa komisioneri, yaani dalali. Komisioneri akisikia neno "adimu" bei inapanda kabla hujamaliza kusalimia, na jioni hiyohiyo picha ya gari imeshafika Kolwezi kwa mnunuzi mwingine. Anza kwa watu wanaoingia lupango (nyua za nyumba) za wengine kila siku kwa kazi: masentinele (walinzi), mafundi wa bomba, wachomea mabati, mama wanaokodi vyumba vya uani. Wao ndio wanajua nyuma ya nyumba gani kuna kitu kilichofunikwa turubai.

Mitaa ya kutembea ni ile ambayo wakubwa wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, walikaa, halafu makada wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoifuata, wakarithi: Makomeno kwanza, halafu Bel-Air. Nje ya mji, Likasi na Kipushi zinalipa kuliko Lubumbashi yenyewe, kwa sababu pesa za miaka ya karibuni hazikupita sana huko. Palipopita pesa, gari kuukuu limeuzwa kwa kilo ya chuma. Misheni za zamani nazo zisisahauliwe. Padri aliyezoea gari dogo alilitunza, na gereji ya misheni ina paa.

Paa ni jambo kubwa. Tuna bahati na mahali tulipo: bahari iko mbali, mji uko karibu mita 1,200 juu yake, na karibu nusu ya mwaka hakuna mvua. Bati linaloliwa Mombasa kwa miaka kumi linaweza kukaa hapa miaka hamsini. Ila angalia gari lililolala upande wa Penga-Penga, kule upepo ulikosukuma moshi wa ile cheminée kubwa ya kiwanda cha shaba. Moshi ule ulikuwa na salfa, na salfa ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Nikienda huko naangalia paa la gari na mifereji yake kabla ya kitu kingine.

Kuzungumza na wenye gari

Karibu kila gari la namna hii ni la marehemu. Utapokelewa na mjane au mtoto mkubwa, na neno la kwanza litakuwa: "Ile ni ya Papa. Haiuzishwe." Usijibu kwa dola. Kaa. Uliza Papa alifanya kazi wapi, alilinunua kwa nani, liliacha kutembea mwaka gani. Kwa adabu hiyo unapata pia habari ambayo hutaipata tena baadaye. Mama mmoja wa Makomeno aliniambia injini ilibadilishwa baada ya safari ya Kolwezi, na ile ya kwanza iko chini ya kitanda cha mwanawe. Kweli ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye gunia.

Usiende na shati la kupigia picha. Usiseme "gari hili ni la thamani sana Ulaya", maana kuanzia hapo hununui gari tena, unanunua Ulaya. Lakini usimdanganye mjane pia. Sema bei ambayo huoni haya kuitaja mbele ya watoto wake wote, kwa sababu utaitaja mbele yao kweli: warithi wote lazima wasaini. Ndugu mmoja aliye Kinshasa ambaye hakuulizwa ni kesi inayokusubiri. Karatasi ya mauzo, majina yote, sahihi zote, shefu wa mtaa kama shahidi, na karti rozi (kadi ya usajili wa gari) mkononi. Karti rozi ikiwa imepotea, isubiriwe hadi wapate nyingine kabla hujatoa pesa. Mengine ya karatasi kila mtu anayajua.

Kuikagua

Njoo na tochi, kioo kidogo cha kunyolea, nguo ya kulalia chini, na sumaku iliyofungwa kitambaa. Sumaku inashika bati, haishiki mastiki, kile kijazo cha kuzibia mabonde ya bati. Ipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka taa za mbele, na kwenye kona za chini za mabawa (madigadi). Inapoanguka, tolie mwenzangu alipita hapo kabla yako.

Kabla ya kufungua injini, toa kiti cha nyuma. Nambari ya shasi imegongwa juu ya ule mgongo wa bati unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti hicho. Ilinganishe na kibati kilicho mbele, nyuma ya gurudumu la akiba, halafu na karti rozi. Tazama kama bati kuzunguka nambari limepigwa msasa. Ukikuta tarakimu tisa zinazoanza na 11, sakafu hiyo ni ya Agosti 1964 au baadaye, hata kama juu yake kuna dirisha la yai. Hilo linatokea, maana bodi ya Coccinelle imefungwa kwa boliti juu ya sakafu, na kwa siku moja watu wanne wanaweza kuinyanyua na kuiweka kwenye sakafu nyingine. Nusu ya "magari adimu" niliyoonyeshwa yalikuwa magari mawili.

Ukiwa bado hapo chini ya kiti, angalia upande wa kulia. Betri inakaa hapo, na asidi yake inakula sakafu. Tundu hapo si sababu ya kukimbia. Kinachonikimbiza mimi ni yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango, yanayopeleka hewa ya moto mbele. Hayo yakioza, gari halina mbavu, na kuyabadilisha kwa haki ni kuinyanyua bodi yote. Bonyeza kwa kidole gumba. Sikiliza.

Sasa alama za umri. Mshale wa kugeukia wa miaka ile si taa. Ni mkono mdogo unaotoka kwenye nguzo nyuma ya mlango, na kwenye gari za Ulaya uliendelea hadi 1960. Pedali ya mafuta ni kigurudumu kidogo, si bapa. Kigurudumu kiliondoka 1957. Geji ya petroli haipo kabisa. Kuna kimkono miguuni pa dereva cha kufungulia akiba petroli ikikata, na geji ililetwa miaka baadaye. Ukikuta geji, uliza nani aliiweka na alitoboa wapi.

Kwenye injini angalia kitako kinachobeba dinamo. Kwa injini ya zamani ya nguvu farasi 30, kitako hicho kimeyeyushwa pamoja na nusu ya bloku yenyewe. Kikiwa kimefungwa kwa boliti na kinaweza kutoka, hiyo ni injini ya Agosti 1960 au baadaye. Na ukiendesha, gia ya kwanza ikikataa kuingia gari likiwa linatembea, ikanguruma, furahi: giabokisi ya wakati ule haikuwa na sinkro (kile kinacholainisha gia kuingia) kwenye gia ya kwanza. Ikiingia kama siagi, mtu ameibadilisha.

Ukitaka uhakika zaidi, makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kwa malipo, ukiwapa nambari ya shasi: siku lilipotoka, rangi, lilipelekwa wapi. Kwa lililounganishwa Brussels usitarajie maelezo yote, kwa sababu lilitoka Ujerumani likiwa vipande kwenye masanduku.

Kifungu cha 15

Hapa ndipo sisi wa Lubumbashi tunatofautiana na vitabu vya Wazungu. Hakuna gari la 1955 lililobaki hai hapa bila kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe. Vipuri havikuja, kwa hiyo watu walijitafutia: kabureta ya Peugeot, waya wa simu kwenye taa, bushi ya shaba iliyochongwa na fundi wa mashine za Gécamines saa za mchana. Swali la uhalisi kwetu linakuja hivi: kipi katika hayo kiondoke, kipi kibaki?

Mimi nina sheria yangu na siiombei ruhusa. Kilichowekwa kwa haraka na kinaharibu, kinaondoka. Kilichochongwa kwa akili, kinafanya kazi, na hakikuharibu kipande cha asili, kinabaki na kuandikwa. Kwenye yangu, kile kimkono cha akiba ya petroli ni shaba nzito, kimetengenezwa hapa, kizuri kuliko cha kiwandani. Nina cha Kijerumani kwenye droo. Kitabaki kwenye droo.

Kitu ambacho naondoa kila mara ni ujanja wa injini. Mafundi wetu wengi hutupa kidhibiti joto, wanasema hapa si Ulaya, hatuhitaji. Halafu wanatupa mpira unaozunguka injini, na mabati madogo ya pembeni. Injini hii haina maji. Inapozwa na hewa inayosukumwa na feni, na ule mpira na yale mabati ndiyo ukuta kati ya hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukiyatoa, feni inavuta moto wake yenyewe na kuurudisha ndani. Kisha wanakuambia "Volkswagen inachemka." Rudisha kila bati mahali pake kabla ya kulaumu hali ya hewa. Kichujio cha hewa cha kuogea oili nacho wanakitupa waweke cha karatasi. Kwa vumbi jekundu la Kasapa, mimi nakiamini hicho cha oili. Kisafishe, jaza oili hadi kwenye alama, basi.

Umeme wa volti 6

Kila mtu atakuambia ubadilishe uende 12. Magari haya yalitoka kiwandani na volti 6, na yaliwaka usiku mzima. Taa hafifu karibu kila mara ni kutu kwenye maungio. Futa kila ungio la ardhi hadi bati ling'ae, tumia kebo nene ya betri, si ile nyembamba ya 12, na safisha fyuzi. Betri ya volti 6 haipatikani kila duka, ndiyo. Inaagizwa Johannesburg na kuja na malori kupitia Kasumbalesa. Agiza kabla ya ile uliyonayo kufa. Ukishindwa kabisa ukaenda 12, usikate waya wa asili, usitoboe bati, na kila ulichotoa kiwe kwenye boksi lenye jina la gari.

Rangi: hapa ndipo nakasirika

Tolie ndiye anayeandika haya, na nasema usipake rangi. Gari huwa na rangi yake ya kwanza mara moja tu. Mnunuzi anayejua anaweza kusamehe kukwaruzika, kufifia, hata kutu juu juu. Rangi mpya yenye kung'aa inamfanya aulize imeficha nini, na mara nyingi ana haki.

Tafuta kwanza kama rangi ya asili bado ipo. Fungua kijisanduku cha dashibodi, tazama chini ya mpira wa milango, chini ya nyaya kwenye chumba cha injini. Ukishajua rangi ya kwanza, osha gari kivulini kwa sabuni laini na maji mengi. Sabuni ya kufulia kali iache. Petroli iache. Hata anayekuletea mafuta ya mawese kwa ajili ya "kulainisha dashibodi" (nilimsikia mtu akishauri hivyo kwa uso mzito), mwambie aende jikoni.

Kama kuna rangi ya kienyeji juu ya ile ya kiwandani, inaweza kutolewa, ila kwa subira ya mvuvi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, maji yenye sabuni, mkono mwepesi, eneo la kiganja kimoja kwa siku. Rangi ya asili ikianza kuonekana, punguza nguvu. Ikionekana ya chini yake, ya kijivu au nyekundu ya kahawia, umeshavuka, simama. Sehemu zenye mbonyeo na kingo za mabati zina rangi nyembamba, kwa hiyo hizo usizisugue kabisa. Mashine ya kung'arishia ikae mbali na gari hili. Kwenye kingo inakula rangi kwa pumzi moja.

Palipobaki bati tupu lenye kutu, toa unga wa kutu kwa brashi, pitisha oili safi nyepesi kwa kitambaa, futa hadi kitambaa kitoke kikavu, halafu nta. Rudia kabla ya mvua za Novemba. Chini ya mabawa, toa udongo wote uliojipanga nyuma ya taa na juu ya bomba la nyuma linaloshika magurudumu. Udongo wetu mwekundu unashika maji wiki nzima baada ya mvua kukatika, na kutu nyingi ninayokata kwenye magari haya imeanzia hapo.

Viti navyo vina mkasa wao. Ukienda kwa mshonaji wa soko la Kenya, ile komini ya hapa mjini, atakushonea huse nzuri kwa siku mbili, nzuri kweli. Mwambie avalishe juu tu. Asing'oe kitambaa cha chini, na asitupe ile pedi ya nyuzi za nazi iliyo juu ya springi kwa sababu "inanuka". Ianike juani.

Vitu ambavyo sivilindi

Breki. Mpira wa breki wa 1956 si wa kuabudiwa. Badilisha mipira, silinda za magurudumu, bomba za petroli, mkanda wa feni na matairi, bila kuomba msamaha kwa mtu. Tairi la asili ni 5.60-15, ukipata la leo la inchi 15 lililo jembamba, linatosha. Vipuri vya Afrika Kusini vingi vinafaa. Vya Brazili vinafaa kwenye mashine, lakini paresho (bampa) na taa zao ni za umbo jingine, na zikishawekwa watu wanasahau kwamba si zake.

Oili ya injini ni lita mbili na nusu tu, na hakuna filta ya kutupa. Kuna wavu chini, unaufungua na kuuosha. Badilisha mapema kuliko unavyobadilisha kwenye Toyota. Vali za injini ile ya 30 hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.10. Axeli ya mbele ina nipeli za grisi, na fundi kijana asiyezijua atakuambia axeli imekwisha wakati ina njaa tu ya grisi. Mwonyeshe zilipo mwenyewe.

Weka daftari. Tarehe, kilichotolewa, kilichowekwa, kilipotoka, na picha ya kabla. Nambari ya shasi usiiweke kwenye picha unazotuma kwa watu. Na siku komisioneri atakapofika mlangoni na "mzungu mmoja ana haraka sana", mwonyeshe fotokopi ya karti rozi. Ile ya asili isitoke nyumbani, na funguo ya gari isikae kwenye chumba kimoja nayo.